Sindano Ilitangulia Kipimo: Historia ya Sukari Inayopanda Ghafla, kutoka Ngarambe hadi Muhimbili

Sukari inayopanda bila kutarajiwa katika damu ya mtu anayechoma insulini ni tatizo lenye umri sawa na insulini yenyewe. Kabla ya dawa hiyo hapakuwa na cha kurekebisha. Mtoto au kijana ambaye kongosho lake liliacha kutengeneza insulini alikonda huku akila, alikunywa maji bila kiu kukatika, kisha akafa ndani ya wiki au miezi. Sindano ndiyo iliyomwezesha kuishi, na kuishi ndiko kulikoleta swali jipya: kwa nini asubuhi hii sukari iko juu, ilhali dozi ni ileile na chakula ni kilekile? Pwani ya kusini mwa Tanzania swali hilo halijibiki bila historia, kwa sababu mahitaji ya kuishi na ugonjwa huu wa kisukari hayakufika pamoja. Sindano ilitangulia. Kipimo kilifuata miongo mingi baadaye. Ubaridi wa kutunzia dawa, barabara na mafunzo vilichelewa zaidi, na katika vijiji vingi bado viko njiani.

Ngarambe, katika Wilaya ya Rufiji, ni kijiji kilichoingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya dawa. Hapo ndipo mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale aliposemekana kupandwa na pepo Hongo, akazama bwawani, akatoka mkavu na kuanza kugawa maji yaliyoaminiwa kuwakinga watu dhidi ya risasi za Wajerumani. Watu walimiminika kutoka Umatumbi, bonde la Rufiji na mbali zaidi. Mwaka uliofuata Vita vya Majimaji vilizuka, na tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, penye boma la serikali. Si haki kuwacheka waliosafiri kwa miguu kufuata maji yale. Kwa magonjwa mengi ya wakati huo boma nalo halikuwa na kitu cha kuwapa, na kwa kisukari hata Berlin haikuwa nacho. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo haukuwa wa kawaida huko, lakini ulikuwa wa kuua. Dalili watu walizijua bila daktari: kukojoa usiku kucha, kiu, na sisimizi kujaa pale mgonjwa alipokojoa. Wajerumani waliondoka Afrika Mashariki kabla dawa haijagunduliwa popote duniani.

Ugunduzi ulifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, John Macleod na James Collip. Mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson, alichomwa Januari 1922. Insulini ya mwanzo, iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, ilifanya kazi kwa saa chache tu, hivyo ilichomwa mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark alionyesha kuwa insulini ikichanganywa na protamini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwenye kazi hiyo ndiko ilikotoka insulini nyeupe ya maziwamaziwa, na baadaye ule mchanganyiko wa asilimia 30 ya insulini ya haraka na 70 ya ile inayokwenda polepole, ambao hadi leo ni dawa ya wagonjwa wengi wa Tanzania. Mchanganyiko huo umewaokoa wengi kwa kuwa huchomwa mara mbili tu kwa siku. Una kasoro moja ambayo mgonjwa huambiwa mara chache: hauwezi kuongezwa kwa ajili ya mlo mmoja mkubwa bila kuongeza pia ile sehemu itakayoendelea kufanya kazi saa nyingi baadaye, pengine usiku mtu akiwa amelala.

Upande wa kipimo mambo yalikwenda kwa mwendo wa kobe. Kwa zaidi ya nusu karne sukari ilipimwa katika mkojo. Mkojo ulichemshwa na dawa ya Benedict, rangi ya buluu ikageuka kijani, njano, kisha nyekundu ya matofali kadiri sukari ilivyozidi. Kipimo hicho kilikuwa rahisi, na kilidanganya kwa njia mbili. Kwanza, figo huanza kupitisha sukari pale tu inapozidi kiasi cha milimoli 10 kwa lita ya damu, kwa hiyo mkojo wa buluu ungeweza kuwa wa mtu mwenye sukari 9 au wa mtu anayekaribia kuzimia kwa sukari kushuka. Pili, mkojo husimulia habari za saa zilizopita. Mtu aliyepima asubuhi alikuwa anasoma habari za usiku. Karatasi za kupima tone la damu zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960, na mashine ya kwanza ya kuzisoma, iliyobuniwa na Anton Clemens huko Marekani, ilitoka mwaka 1970 ikiwa nzito, ghali na ya kutumiwa na daktari. Mashine za nyumbani zilienea katika nchi tajiri miaka ya 1980. Kabla ya hapo, "sukari imepanda ghafla" lilikuwa neno la kubahatisha kila mahali, London kama Utete wilayani Rufiji.

Katika Tanganyika ya Waingereza na Tanzania ya miaka ya kwanza ya uhuru, kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mjini. Juhudi za taifa zilielekezwa kwingine, na kwa sababu nzuri. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wazima kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio, ilifundisha juu ya malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na insulini ilikuwamo. Hata hivyo, masanduku ya dawa yaliyoanza kupelekwa kila mwezi kwenye zahanati na vituo vya afya vya Tanzania katika miaka ya 1980 yalipangwa kwa magonjwa ya kila siku na kwa sehemu zisizo na jokofu. Insulini ilibaki hospitalini, na hospitali ilibaki mbali.

Hali yenyewe ilianza kuandikwa kwa takwimu katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Daktari Mskoti Donald McLarty, pamoja na Andrew Swai na wenzao, waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 walioandikishwa huko kati ya Juni 1981 na Mei 1987. Kiasi cha mmoja kati ya watano alihitaji insulini. Vifo vilikuwa vingi, na koma ya sukari iliyopanda sana ilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa. Utafiti mwingine wa timu hiyo, uliochapishwa mwaka 1989, ulipima watu 6,299 katika vijiji sita na kukuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Kwa haraka matokeo hayo yaliweza kusomwa kuwa kijijini hakuna tatizo. Yana maana ya pili iliyo nzito zaidi: mahali ambapo mwenye kuhitaji insulini hafiki hospitali, hesabu haiwezi kumkuta, kwa kuwa amekwisha kufa. Mwaka 2003 wataalamu waliotembelea Msumbiji, jirani wa kusini, walikadiria kwamba mtoto wa kijijini aliyepata kisukari cha kuhitaji insulini angeishi wastani wa miezi saba tu.

Bei ilieleza sehemu kubwa ya vifo hivyo. Hesabu iliyofanywa Dar es Salaam kwa mwaka 1989 hadi 1990 ilionyesha kuwa kumtibu mgonjwa wa insulini kuligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikwenda kwenye insulini yenyewe. Mgonjwa asiyehitaji insulini aligharimu dola 103. Waandishi wa hesabu hiyo waliuliza waziwazi, katika kichwa cha makala yao, kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika. Mtu aliyepunguza yuniti ili chupa ifike mwisho wa mwezi alikuwa na sukari ya juu ambayo daktari aliiona kuwa haina sababu. Sababu ilikuwa mfukoni.

Mmoja wa washirika wa McLarty alikuwa George Alberti wa Uingereza, ambaye mwaka 1973, pamoja na wenzake, alikuwa amechapisha njia mpya ya kutibu koma ya sukari. Awali madaktari walichoma mamia ya yuniti kwa mkupuo. Alberti alionyesha kwamba dozi ndogo kwenye msuli, kila saa, pamoja na maji ya kutosha mshipani, humrudisha mgonjwa kwa usalama zaidi. Faida yake kwa hospitali za wilaya ilikuwa kubwa kuliko hata kwa zile za Ulaya, kwa kuwa haikudai pampu wala mitambo: saa ya ukutani, muuguzi mwangalifu na sindano vilitosha.

Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa mwaka 1985, na kazi yake, pamoja na kliniki zilizofunguliwa hatua kwa hatua katika hospitali za mikoa na wilaya, ndiyo iliyohamisha maarifa kutoka wodini hadi nyumbani. Bohari ya Dawa ilipoanzishwa mwaka 1993, usambazaji wa dawa za hospitali za umma ulipata mwenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 watoto wenye kisukari wamekuwa wakipata insulini, mashine na karatasi za kupimia kupitia miradi ya misaada ya kimataifa, na kwa mara ya kwanza kuna kizazi cha vijana wa Kitanzania waliokua na kisukari hadi kufikia utu uzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hapo ule usemi wa ugonjwa wa mjini ukafa.

Rufiji ina mazingira yake. Watu wa bonde walizoea kuishi na mto: mpunga kwenye maji ya mafuriko, kisha kilimo cha mlau maji yanapopungua, na miezi mizima ya kukaa kwenye dungu shambani kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 iliwahamishia wengi kwenye vijiji vya nchi kavu, karibu na barabara, na kuwaweka karibu na zahanati, lakini mashamba yalibaki bondeni na watu wakaendelea kuyafuata. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, aliyetoka kusini mwa mto kwenda Dar es Salaam alivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ukijaa alisubiri. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha kwamba hata baada ya daraja, maji yakitaka kuikatia njia Mohoro au vijiji vya delta upande wa Kibiti, hukata. Kwa mgonjwa wa malaria kukwama siku tatu ni hatari. Kwa mgonjwa wa insulini aliyebakiwa na chupa tupu, siku hizohizo zinatosha kumuua.

Hata dawa ikiwapo, joto huidhoofisha. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyofunguliwa hukaa kiasi cha wiki nne katika joto lisilozidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina yake. Dungu la bonde la Rufiji mchana wa Februari huvuka kiwango hicho bila shida. Kwa muda mrefu jibu la hospitali lilikuwa kwamba asiye na jokofu asipewe chupa ya kwenda nayo. Jibu hilo lilivunja familia: mtoto alilazimika kuhamia kwa ndugu wa mjini au kulazwa miezi. Ushahidi wa kulilegeza ulitoka Afrika Mashariki. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, kisha Chuo Kikuu cha Geneva kikaiweka insulini katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Nguvu yake haikutofautiana na ya ile ya jokofuni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Mtungi wa udongo, ambao kila nyumba ya pwani inaujua, ndio jokofu la asiye na umeme. Chupa hufungwa ndani ya chombo kikavu na kuwekwa katika mtungi uliolowanishwa nje, na maji yanapokauka hubeba joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu ya Dodoma kuliko katika unyevu wa delta, lakini hata nyuzi chache ni afadhali. Barafu ni hadithi nyingine. Katika delta barafu hufuata biashara ya kamba na samaki, na ni rahisi kuazima kipande. Insulini iliyogusa barafu ikaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama mwanzo, na anayeichoma huona sukari ikipanda kila siku bila kuelewa. Ya haraka ikiwa na ukungu, au ile nyeupe ikibaki na mabonge baada ya kuzungushwa viganjani, hutupwa.

Kosa la kale zaidi lilihusu kipimo cha sindano. Kwa miaka mingi dunia ilitumia chupa za yuniti 40, 80 na 100 kwa mililita, kila moja na sindano yake. Mtu aliyevuta alama 20 kwa sindano ya 100 kutoka chupa ya 40 alipata yuniti 8 tu. Uingereza ilihamia yuniti 100 mwaka 1983 na nchi nyingi zikafuata, lakini chupa na sindano zisizolingana hazijaisha kabisa duniani, na kusoma maandishi ya chupa mpya ni kazi ya kila mara. Kuchoma sehemu ileile pia huleta uvimbe laini chini ya ngozi ambao hunyonya dawa ovyo: leo kidogo, kesho yote kwa pamoja.

Chakula cha Rufiji hakina siri: wali, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi, samaki na nazi. Vyote huliwa na mwenye kisukari kwa kiasi. Shida huja pale kiasi kinapobadilika na dozi isibadilike, na wakati maarufu wa mabadiliko hayo ni Ramadhani. Uislamu umemruhusu mgonjwa kutofunga, na masheikh na madaktari wamekuwa wakilisema hilo pamoja. Wengi hufunga hata hivyo. Mchana sukari hushuka. Magharibi huja tende, uji wenye sukari, viazi vitamu, tambi na muhogo wa nazi, vyote ndani ya nusu saa, na saa mbili baadaye mashine husoma 18. Mwongozo wa kimataifa wa Ramadhani unataka saumu ivunjwe sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 au juu ya 16.6. Kupima damu hakuvunji saumu kwa maoni ya wanazuoni wengi.

Homa hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Mwili unaopambana na malaria au jipu hutoa homoni zinazoamuru ini kumwaga sukari na kupunguza nguvu ya insulini. Kosa lililoua wengi ni kusema: hajala, basi asichomwe. Asubuhi nayo ina sababu yake, kwa kuwa kuanzia alfajiri homoni za kuamka hupandisha sukari bila mtu kugusa chakula. Mwaka 1938 Michael Somogyi, mkemia wa St. Louis, alipendekeza kwamba sukari ya asubuhi hutokana na kushuka kwa usiku ambako mwili umekulipiza. Wataalamu wa sasa huona hali hiyo si ya kawaida kama alivyodhani, lakini ushauri uliotokana nayo ungali mzuri: kabla ya kuongeza dozi ya jioni, apime mara moja saa tisa usiku.

Sababu ya mwisho inairudisha historia hii kwenye misafara ya dawa. Mwaka 2011 mamia ya maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa. Wapo waliorudi wakaacha dawa. Mwenye kisukari cha vidonge aliweza kuvumilia wiki kadhaa kabla ya madhara kuonekana. Mwenye kuhitaji insulini hakuwa na muda huo. Mlonge, shubiri na muarobaini vinavyouzwa sokoni Ikwiriri au Kibiti havina uwezo wa kuziba nafasi ya insulini iliyokosekana, hata pale vinapopunguza sukari kidogo.

Sindano na kipimo vinapokutana mikononi mwa mtu mmoja, kushughulikia sukari iliyopanda huwa kazi ya utaratibu. Kwanza hunawa mikono na kupima tena, kwani kidole chenye utomvu wa embe hupandisha namba. Kisha huulizwa maswali yaliyozaliwa na historia yote hii: chupa imepata joto au barafu? Dozi ilisahauliwa? Sehemu ya kuchoma imevimba? Kuna homa? Insulini ya haraka ya aina ya zamani hufanya kazi saa sita hadi nane, kwa hiyo anayeongeza dozi kila baada ya saa moja kwa hasira ya namba atashuka vibaya usiku. Maji ya kunywa huongezwa, na sindano ya msingi haikatizwi hata siku ya kutapika. Sukari ikibaki juu ya 14, akawa anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kasi au pumzi ina harufu ya matunda, hiyo si sukari ya kusubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na chupa yake ya insulini iende naye.